Dawa ya Kila Siku katika Busia na Tororo

Kumeza dawa siku moja au mbili kwa sababu ya maumivu ni desturi ya kale ya wanadamu wote, wala hapana kaumu iliyohitaji kufundishwa. Bali kumeza dawa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hadi mauti, kwa ajili ya maradhi yasiyouma wala kuonekana, ni desturi mpya ambayo umri wake katika nchi zetu za Afrika Mashariki haujazidi umri wa mzee mmoja. Desturi hiyo haikuota yenyewe. Ililetwa, ikakataliwa, ikalazimishwa, ikafunzwa upya, na kila kizazi cha matabibu kilibuni chombo chake cha kuidumisha: ukuta wa hospitali, jicho la muuguzi, kadi ya kliniki, pikipiki, ujumbe mfupi wa simu, na katika zama zetu hizi programu iliyowekwa ndani ya simujanja. Nataka kuisimulia tarehe hiyo kwa kuishikiza mahali pamoja, nchi ya mpakani iliyo baina ya Busia na Tororo, kwa sababu hatua takriban zote hizo zilipita huko au karibu na huko. Na kwa sababu, katika shangwe ya leo juu ya simu zitakazowakumbusha wagonjwa wa shinikizo la damu kumeza vidonge vyao, mambo husemwa kana kwamba yanatokea mara ya kwanza, ilhali watu wa mpaka huu wamekwisha kuyaona.

Nchi yenyewe ni ya mapito. Tororo imekaa chini ya jiwe lake kubwa lililochomoza peke yake katika uwanda, masalio ya volkano iliyozimika, ambalo msafiri huliona kutoka mbali kabla hajauona mji. Reli iliyotoka Mombasa kwa njia ya Nakuru na Eldoret ilipita huko mwishoni mwa miaka ya 1920 ikielekea Jinja na Kampala. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Uganda na mmoja wa Kenya, iliyotengwa na lango la forodha. Iteso wako pande zote mbili, na Wasamia kadhalika, na katika jamaa moja si ajabu kukuta shangazi ana kitambulisho cha nchi moja na mpwa wake ana cha nchi ya pili. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 ardhi yote hiyo, na nyingine iliyoendelea mashariki hadi Naivasha, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Siku hiyo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya, na mwaka 1926 amri ya mfalme wao ikauandika mstari kwa urefu, ukifuata kwa sehemu mto Sio na mto Malaba. Watu hawakuacha kuvuka. Walivuka kwa soko, kwa msiba, kwa harusi, kwa magendo ya kahawa na sukari, na hatimaye juu ya baiskeli za bodaboda, ambazo zilianzia mpakani humu kabla ya kuenea nchi nzima. Na walivuka kwa tiba, maana mtu akisikia kwamba zahanati ya ng'ambo ina dawa wiki hii, huenda ng'ambo.

Tiba ya serikali ilipofika kwa mara ya kwanza katika pande hizi, ilifika kwa amri. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yaliua watu zaidi ya laki mbili katika Busoga na pwani za kaskazini za ziwa Victoria, na gavana Hesketh Bell, kuanzia mwaka 1906, akaamuru watu waondolewe ufukoni na katika visiwa ili mbung'o wakose damu ya kunyonya. Baadaye Tororo ikawa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale, lenye sifa duniani kote. Walakini malale ni maradhi ya kuua au kupona. Hayamfunzi mtu kuishi na dawa. Shule ya kwanza ya dawa ya kila siku katika nchi hii ilikuwa ukoma.

Huko Alupe, kilomita chache kutoka mjini Busia katika upande wa Kenya, nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa na kituo chao cha pamoja cha utafiti wa ukoma, kilichopewa jina la ukumbusho wa John Lowe, tabibu aliyethibitisha huko Uzuakoli, Nigeria, kwamba dawa iitwayo dapsone yaweza kumezwa kwa mdomo kwa salama, na kwa hiyo mgonjwa hana haja tena ya sindano za mafuta ya chaulmoogra zilizokuwa zikimtesa kwa manufaa machache. Lilikuwa badiliko kubwa kuliko lilivyodhaniwa wakati ule. Sindano hukaa mkononi mwa tabibu; kidonge huenda nyumbani na mgonjwa. Maadamu dawa ilikuwa sindano, hapakuwa na swali la nani amekumbuka na nani amesahau, kwa kuwa asiyefika hakudungwa, na jina lake lilibaki wazi kitabuni. Dawa ilipokuwa kidonge, mamlaka ya kuponya yalitoka hospitalini yakaingia kibandani, chini ya mto wa kulalia, ndani ya kikopo kilichowekwa juu mbali na watoto, na tabibu akabaki na neno la mgonjwa tu.

Na dapsone ilitaka subira ya ajabu. Mgonjwa wa ukoma mwepesi aliambiwa ameze kwa miaka, na mwenye ukoma mkali aliambiwa ameze maisha yake yote. Baka la ngozi lilipofifia, vidole vilipoacha kuvimba, mtu alirudi shambani akaviacha vidonge, na hakika sioni kosa lake. Kwa akili ya kawaida ya binadamu, dawa iliyokwisha kuondoa maradhi imekwisha kazi yake. Wataalamu walibuni kipimo cha mkojo cha kuitafuta dapsone, na katika nchi nyingi ikadhihirika kwamba wagonjwa wengi hawamezi walivyoagizwa. Mwaka 1964 ikathibitishwa huko Malaya kwamba vijidudu vya ukoma vimeanza kuishinda dawa hiyo, na sababu mojawapo ni huko kumeza na kuacha, kumeza na kuacha. Jawabu lilikuja mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani liliposhauri dawa zaidi ya moja kwa pamoja, ambazo baadaye zilikuja kufungwa katika pakiti ya siku 28, kila siku na tundu lake, na dozi moja ya mwezi imezwe mbele ya mhudumu. Naiweka pakiti hiyo miongoni mwa vyombo adhimu vya tiba ya karne iliyopita. Haikuwa na umeme wala sauti, lakini mtu asiyejua kusoma aliweza kuitazama jioni akajua kama amemeza au hakumeza. Na mara moja katika kila mwezi ilimkutanisha na mtu aliyemwuliza habari zake. Mambo hayo mawili, dawa inayojihesabu yenyewe na uso wa mtu anayeuliza, yatatokea tena na tena katika hikaya hii chini ya majina mengine.

Kifua kikuu kilifunza somo lilelile kwa ukali zaidi, kwa sababu mwenye kuacha dawa ya kifua huwaambukiza wengine. Katika miaka ya 1970 matabibu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, waliionyesha dunia kwamba kwa kuchagua dawa vizuri tiba ya mwaka mmoja na nusu yaweza kufupishwa hadi miezi sita. Dunia ilistaajabia dawa; nadhani ilistahili kustaajabia zaidi hekima iliyokuwa nyuma yake, kwamba kama mtu hawezi kudumu na dawa muda mrefu, wajibu wa elimu ni kuupunguza muda kabla ya kumlaumu mtu. Tanzania nayo, tangu mwaka 1977, chini ya mwongozo wa Karel Styblo, ilijenga mpango wa taifa ambamo mgonjwa alimeza dawa za miezi ya mwanzo mbele ya mhudumu, na mpango huo ndio ulionakiliwa baadaye ulimwenguni kote.

Shinikizo la damu, au presha kama linavyoitwa sokoni Busia, halikuwamo katika hesabu ya wakati huo. Mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika wilaya ya Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii, alichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya Waafrika wapatao 1,000, akaeleza kwamba kwao shinikizo halikupanda kwa umri kama lipandavyo kwa Wazungu, na kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini mwake hakumpata hata mmoja mwenye maradhi hayo. Watawala walilipenda neno hilo, maana lilikubaliana na dhana yao ya mwanakijiji asiye na fikra wala mashaka. Lakini miaka haikupita mingi kabla ya matabibu wa Mulago, Kampala, kuwaona wagonjwa wa presha vitandani mwao. Na katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini Nyanza kwenda Nairobi, wakaona kwamba shinikizo la wahamiaji lilipanda katika miezi ya kwanza tu ya maisha ya mjini, pamoja na chumvi katika chakula chao na uzito wa miili yao. Matokeo yalichapwa mwaka 1990. Leo hapana haja ya kuhamia Nairobi: mji umewafuata watu kijijini, pamoja na mafuta ya kupikia, chumvi ya viwandani, kiti cha bodaboda na mashaka ya karo za shule. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014 na ule wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo lililozidi kiasi. Na katika hao, waliokuwa wakijua habari zao hawakufika mmoja kati ya watano nchini Kenya, wala mmoja kati ya kumi nchini Uganda.

Maradhi haya ni magumu kuliko ukoma kwa maana moja: hayana baka la kufifia. Mwenye ukoma aliona ngozi yake, mwenye kifua alisikia kikohozi chake, lakini mwenye presha anaweza kubeba gunia la mahindi asubuhi na kuanguka kwa kiharusi jioni bila ya kuwa na siku moja ya ugonjwa katikati. Kidonge kwake ndicho kinacholeta usumbufu, kwa kumpeleka haja ndogo mara kwa mara au kumvimbisha miguu, na kukiacha ndiko kunakoleta faraja. Basi hisia zake zote zinamshuhudia kinyume cha tabibu. Ndiyo maana kauli isikikayo katika kila kliniki, kwamba presha imeshuka na kwa hiyo nimepumzisha dawa, si ujinga hata kidogo. Ni hoja sahihi iliyojengwa juu ya msingi usio sahihi, na haivunjwi kwa kengele ya simu. Huvunjwa kwa mazungumzo. Wala jambo hili si la maskini peke yao, kwani Shirika la Afya Duniani lilipotazama maradhi ya kudumu mwaka 2003, lilikuta kwamba hata katika nchi tajiri wanaodumu na dawa walivyoagizwa ni kama nusu tu.

Mwaka huohuo wa 2003 Tororo ilianza kazi ambayo, kwa rai yangu, ndiyo kilele cha tarehe nzima. UKIMWI ulikuwa umekwisha kuifilisi nchi ya mpakani, barabara kuu ya malori ikiwa mlango wake. Shirika la TASO, lililoasisiwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987, lilikuwa na kituo chake Tororo, lakini kwa miaka mingi halikuwa na la kuwapa wagonjwa ila ushauri, chakula na mkono wa kushikwa. Dawa za kufubaza virusi zilipokuja hatimaye, wengi huko Ulaya na Marekani walisema waziwazi kwamba wanakijiji wa Afrika hawataweza kuzimeza kwa saa. Mpango wa tiba ya nyumbani uliowashughulikia wagonjwa kama 1,000 wa vijijini katika wilaya za Tororo na Busia, upande wa Uganda, uliwajibu kwa vitendo. Hakuambiwa mgonjwa asafiri kilomita 30 kila mwezi. Bali vijana wasio matabibu, waliofunzwa na kupewa pikipiki, walikwenda nyumbani kwa kila mmoja kila wiki, wakachukua dawa za wiki, wakauliza maswali yaleyale juu ya homa, kikohozi na dozi zilizokosekana, wakarudi na majibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: vifo vilipungua kwa asilimia 95 kulinganishwa na wakati ambapo hapakuwa na tiba yoyote, na hao wanakijiji waliodhaniwa hawana saa walidumu na dawa kwa uaminifu unaopaswa kuwatia haya waliowadharau.

Naomba msomaji aipime maana ya ziara hiyo ya kila wiki. Pikipiki ilileta dawa, hapana shaka, lakini ilileta pia swali. Jumanne kijana atakuja, atauliza, nami nitamjibu nini? Mtu anayejua kwamba ataulizwa huishi tofauti na mtu asiyeulizwa. Tena kijana huyo alipoona kikopo kimejaa kuliko ipasavyo, hakuishia kuandika. Aliketi, akapata habari kwamba mgonjwa amekosa chakula cha kumezea, au mume amekataza, au mtoto amefariki, na sababu hizo ndizo zilizokuwa maradhi ya kweli ya siku ile. Kasoro yake ilikuwa gharama. Mafuta ya pikipiki hayapungui kwa dua, na mpango wa watu 1,000 haukuweza kupanuliwa kwa watu laki kwa njia ileile.

Hapo ndipo simu ilipoingia. Kampuni ya Celtel mnamo Septemba 2006 iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, hata mteja wa Busia akaweza kuvuka lango bila ya kutozwa gharama ya ugeni, na mwaka uliofuata M-Pesa ikaanza Kenya. Kwa muda mfupi simu ikawa katika nyumba ambazo hazikupata kuwa na barua. Watafiti wa dawa za UKIMWI waliona dhahiri kwamba swali la kila wiki laweza kusafiri bila pikipiki. Huko Chulaimbo, katika barabara itokayo Kisumu kuja Busia, wagonjwa walipelekewa ujumbe mfupi wa kukumbusha, wengine kila siku na wengine mara moja kwa wiki. Na ikaonekana, matokeo yalipochapwa mwaka 2011, kwamba wa kila wiki ulisaidia, ambapo wagonjwa 53 kati ya 100 walifikia kiwango chema cha kumeza dawa dhidi ya 40 wasiopata ujumbe wowote, ilhali wa kila siku haukusaidia kitu. Sishangai. Neno lisemwalo kila siku na mtu asiyesubiri jawabu huwa kelele kabla ya mwezi kwisha.

Jaribio jingine la Kenya, lililofanywa Nairobi na Kajiado kwa wagonjwa 538 na kuchapwa mwaka 2010, lilikwenda hatua zaidi kwa usahili unaopendeza. Kila wiki muuguzi alipeleka neno moja, «Mambo?», na mgonjwa akatakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama «Sawa» ama «Shida»; aliyejibu shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu. Hapakuwa na neno la dawa ndani yake hata moja, jambo lililomhifadhi mgonjwa na macho ya jirani aliyeazima simu. Waliodumu na dawa walikuwa 62 kati ya 100 kwa walioulizwa, na 50 kwa wasioulizwa. Hiyo ilikuwa pikipiki ya Tororo iliyogeuzwa kuwa herufi chache: muhimu hakikuwa kile kilichopelekwa, bali kwamba jawabu lilikuwa na mtu wa kulipokea.

Kwa wagonjwa wa shinikizo la damu hatua iliyofuata ilikuja katika mradi mkubwa wa utafiti ulioitwa SEARCH, uliowaunganisha wanazuoni wa Uganda, Kenya na Marekani kuanzia mwaka 2013 katika jumuiya 32 za vijijini, sehemu yao zikiwa mashariki ya Uganda. Hema zilisimamishwa kijijini, alama za vidole zikachukuliwa kwa mashine ili mtu atambuliwe hata akibadili jina, na aliyekuja kupimwa virusi alipimwa papo hapo malaria, kisukari na presha. Fikra yenyewe ilikuwa njema mno: kwamba ngazi zilizojengwa kwa UKIMWI, kwa fedha nyingi na machozi mengi, zisiachwe wazi wakati wagonjwa wa presha wanakufa chini yake. Baada ya miaka mitatu wenye presha waliofikia kiwango cha salama walikuwa 47 kati ya 100 katika vijiji vilivyopata huduma hiyo, na 37 katika vijiji vya kulinganishia. Ni maendeleo; lakini zaidi ya nusu bado walikuwa nje ya salama.

Ndipo walimwengu wakaitazama simujanja kwa matumaini makubwa. Nchini Marekani wagonjwa 411 waligawanywa, nusu wakapewa programu ya Medisafe iwaliliayo saa ya dawa na kuwaonyesha mstari wa vipimo vyao. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba wenye programu walisema wanadumu na dawa kidogo zaidi, na kwamba shinikizo lao la damu halikutofautiana na la wenzao. Mjini Cape Town jaribio la ujumbe mfupi kwa watu zaidi ya 1,300, lililochapwa mwaka 2016, lilishusha shinikizo kwa kiasi cha milimita mbili hivi za zebaki, jambo dogo kwa mtu mmoja. Na katika tarafa za Turbo na Kosirai karibu na Eldoret, wenzi wa AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ambao kliniki zake zinafika hadi Busia, waliwapa wahudumu wa vijijini mafunzo ya kuzungumza na wenye presha, baadhi yao wakiongozwa na simujanja na baadhi na karatasi. Watu walifika kliniki kwa wingi zaidi, ingawa tofauti ya shinikizo lenyewe haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika.

Mimi siyasomi matokeo hayo kama hukumu juu ya simu. Nayasoma kama ushahidi kwamba tumemkabidhi simujanja asiyepaswa kukabidhiwa. Mwenye presha wa Busia au Tororo aghalabu ni mtu wa miaka 60 au 70, mwenye simu ya vitufe, ile waiitayo kabambe Kenya na katululu Uganda, ambayo hupelekwa dukani kuchajiwa, hukaa mfukoni mwa mjukuu, na huandika Kiingereza kwa mtu asemaye Kiteso, Kisamia au Dhopadhola. Kumtaka huyo apakue programu ni kumtwika mzigo ulio wa serikali. Simujanja mahali pake ni mkononi mwa mhudumu wa kijiji na muuguzi. Programu iitwayo Simple, iliyoanza India mwaka 2018 na kutumiwa baadaye katika nchi nyingine ikiwamo Ethiopia, hukaa mkononi mwa muuguzi, si mwa mgonjwa. Humwonyesha muuguzi orodha ya waliopitisha siku yao ya kliniki, ili awapigie. Na katika jaribio la karibuni lililofanywa na wenzi wa SEARCH kwa watu 200 wa Kenya na Uganda wenye presha kali, mhudumu wa kijiji alikwenda nyumbani na kipimo, akampima mgonjwa, akampigia tabibu simu mbele yake, wakazungumza watatu, na dawa ikaletwa mlangoni. Baada ya majuma 24 walio salama walikuwa 77 kati ya 100, dhidi ya 51 kwa walioambiwa waende kliniki kama kawaida. Mtu aliyekuwapo Tororo mwaka 2003 angeutambua mpango huo bila kuelezwa.

Liko pia jambo la kabati la dawa, ambalo nisipolitaja nitakuwa nimewadhulumu wagonjwa. Hapana ukumbusho unaoweza kumfanya mtu ameze kidonge ambacho hakipo. Dawa za UKIMWI zilikuwa na mfadhili aliyehakikisha hazikosekani. Dawa za presha zilitegemea bohari za serikali, na mgonjwa aliyetembea tangu alfajiri akaambiwa akanunue dukani hurudi nyumbani amefunzwa kuacha. Watu wa AMPATH, tangu mwaka 2011 hivi, walifungua katika hospitali za magharibi ya Kenya maduka ya dawa ya akiba yaendeshwayo kwa mfuko unaozunguka, ambamo dawa zikikosekana katika duka la serikali hupatikana hapo kwa bei nafuu na faida hurudi kununua nyingine. Na upatikanaji uliokuwa chini ya mara 4 katika 10 ukapanda kupita mara 9. Kama ningeulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, katika simu au katika kabati, ningesema kabati, bila kusita.

Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwaaga jijini Nairobi wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakiwa na mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, na simujanja zenye programu ya taifa ya kumbukumbu za kijiji. Uganda nayo ina programu ya namna hiyo kwa timu zake za vijiji. Zote mbili zimejengwa juu ya msingi mmoja, zana za wazi za shirika la Medic, kiasi kwamba ni ndugu wa baba na mama. Lakini kila moja imewekwa chini ya wizara yake. Mwaka 2018 marais wa nchi mbili walifungua Busia kituo kimoja cha forodha, ili lori la mizigo lipekuliwe mara moja badala ya mara mbili. Shangazi wa Kiteso atokaye Buteba akivuka kwenda Alupe kutafuta dawa hana kituo kimoja: kwa nchi ya kwanza ameacha dawa, na kwa nchi ya pili ni mgonjwa mpya asiye na tarehe. Mkutano wa maofisa wa afya wa kaunti ya Busia na wa wilaya za Busia na Tororo ungeweza kulimaliza jambo hili kwa namba moja ya mgonjwa itakayotambuliwa pande zote mbili, nami sijui sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayowazuia kuanza na kliniki za presha. Hadi watakapokutana, kumbukumbu yake ni daftari la shule alilonunua mwenyewe, na ombi langu kwa wauguzi wa kila upande ni kwamba waliandike kwa herufi zinazosomeka: kipimo cha siku hiyo, jina halisi la dawa wala si la kampuni, uzito wake kwa miligramu, idadi ya vidonge alivyopewa, na namba za simu za kliniki zenye msimbo wa nchi, ili mwenzao wa ng'ambo akilifungua aweze kupiga na kuuliza.